Mche, unga au ya maji: sabuni ipi ya kufulia inafaa kwa maji ya kwetu Mtwara na Lindi

Ukiuliza sabuni gani ya kufulia ni nzuri utatajiwa jina la sabuni, na kila mtu ana lake na yuko tayari kugombana kwa ajili yake. Mi naona swali lenyewe limeanzia pabaya. Niambie kwanza maji unachota wapi, afu niambie nguo zako zina uchafu gani, jina la sabuni tutalifikia baadae na pengine wala halitakuwa na maana. Kwa sababu huku kusini maji yanatofautiana kuliko sabuni zenyewe. Mtu wa Newala anayefulia maji ya mvua kutoka kwenye tenki lake na mtu wa Mikindani anayevuta kisima karibu na bahari wakinunua mche uleule duka lilelile, mmoja atausifia mwingine atasema kauziwa feki, na wote wawili wanasema kweli.

Maji kwanza

Maji ya mvua hayana chokaa, yametoka juu yakashuka kwenye bati yakaingia kwenye tenki basi, hayajapita kwenye jiwe lolote. Watu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba huko, wamehangaika na maji miaka nenda rudi maana chini ya ardhi yako mbali sana, ndo maana kuvuna mvua kule ni jambo la kawaida kabisa. Shida kubwa hiyo, ila linapokuja suala la kufua hapo wanatupiga bao watu wa pwani, maana maji waliyonayo ndo maji ambayo sabuni inayapenda.

Pwani visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na chokaa. Maji yakipita humo yanabeba kalsiamu na magnesiamu, na kisima kikiwa karibu na bahari kinaongezewa chumvi juu yake. Haya ndo tunaita maji magumu. Wanapima kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwenye lita 1 ya maji, chini ya 60 wanasema laini, ikivuka 180 wanasema magumu sana.

Kujua ya kwako huhitaji maabara. Chukua chupa mbili tupu za maji, moja jaza nusu maji ya kisima chako, nyingine nusu maji ya mvua, kwangulia humo mche kidogo kwa kiasi sawa, funga, tikisa kwa nguvu. Ya mvua itapandisha povu na litasimama, maji chini yatabaki yanaonyesha. Ya kisima kigumu yatakuwa meupe ya ukungu, povu linapanda kidogo linakufa, na ukiangalia pembeni ya chupa utaona chengachenga. Jaribio hili fanya kwa mche tu, ukitumia unga hutaona kitu, kwa sababu unga umetengenezwa makusudi kuikwepa hiyo shida.

Mche: rafiki wa mvua, adui wa kisima

Mche ni mafuta yaliyopikwa na kostiki soda, iwe mawese, nazi, au mafuta ya wanyama. Mafuta yoyote ni asidi za mafuta zilizoshikana na gliserini, kostiki inazitenganisha, sodiamu inazikamata zile asidi na hapo umepata sabuni, gliserini inabaki pembeni. Molekuli inayotoka ina mkia mrefu unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Mkia unajichomeka kwenye uchafu, kichwa kinabaki nje majini, zikiwa nyingi zinauzunguka ule uchafu wote zinaung'oa kwenye uzi na maji yanaondoka nao. Unga na sabuni ya maji nazo zinafanya hivyohivyo, tofauti ipo kwenye kichwa.

Kichwa cha mche kikikutana na kalsiamu kinaiacha sodiamu kinashikana nayo, na kinachozaliwa hapo hakiyeyuki tena. Ndo ile takataka nyeupe inayoelea kwenye beseni, ndo ule utando unaonata kwenye ndoo, ndo taulo kuwa gumu likikauka, na ndo shati jeupe la mtoto wa shule kugeuka kijivu taratibu wakati mama yake anafua kila siku mpaka mikono inachubuka. Sio mvivu yule mama. Anasugua chokaa ya sabuni kuirudisha kwenye nguo.

Ukipiga hesabu inauma zaidi. Kila gramu 1 ya ugumu wa maji inaua karibu gramu 6 za sabuni. Tuseme kisima chako kina miligramu 300 kwa lita, ndoo ya lita 20 inabeba gramu 6 za ugumu, maana yake gramu 36 hivi za mche zinakufa kabla hazijagusa uchafu wowote. Kila ndoo. Afu unaenda kusuuza na maji mapya ya kisima hichohicho, sabuni iliyobaki kwenye nguo inakutana na kalsiamu nyingine inaganda humohumo kwenye uzi.

Kwenye maji ya mvua hasara hiyo karibu haipo, na hapo mche nauweka namba moja bila kusita. Ni rahisi kwa bei, unausugua palepale penye uchafu, kwenye kola na kwapani, huna haja ya kumwaga sabuni kwenye maji yote, haubadilishi rangi ya kitenge, na ukimwaga maji yake shambani unaoza haraka. Ningekuwa naishi Newala unga ningenunua kwa kazi maalum tu.

Ila mche na mche haufanani jamani. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo mkia wake ni mfupi, kaboni 12. Sabuni yake inayeyuka upesi na inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, mabaharia walikuwa wanaichukua makusudi ili waogee na kufulia maji ya bahari. Mawese yana mikia mirefu ya kaboni 16 na 18, mche wake unakuwa mgumu, unadumu, haukaushi sana ngozi, ila ukiupeleka kwenye kisima cha maji ya chumvichumvi unagoma. Kwahiyo kama upo Kilwa au Mikindani, kisima chako kina chumvi na bado unang'ang'ania mche, mtafute anayepika wa nazi. Kwa wanaopika wenyewe, kilo 1 ya mafuta ya nazi inataka kama gramu 183 za kostiki na kilo 1 ya mawese inataka kama gramu 142, sasa mtu akichukua kipimo cha nazi akakitumia kwenye mawese kostiki ya ziada inabaki ndani ya mche na itakula mikono ya mteja wake. Sabuni ya kupika nyumbani pia iache ikae wiki 4 mpaka 6 kabla ya kutumia. Hata ile ya dukani, ukinunua mche mbichi wenye maji mengi ukate vipande upange kivulini, ukikauka hauyeyuki ovyo.

Unga: soma nyuma ya pakiti

Unga wa siku hizi umeshika soko kwa sababu ya maji magumu, hii ndo historia yake. Marekani walipotoa sabuni ya unga ya Tide mwaka 1946 jambo jipya halikuwa harufu, walikuwa wamechanganya kisafishaji ambacho hakitoki kwenye sabuni ya kawaida pamoja na fosfeti ya kukamata kalsiamu, nguo zikaanza kutoka safi hata kwenye miji yenye maji ya chokaa. Mpaka leo unga wowote unaosimama vizuri una hiyo jozi, kitu cha kung'oa uchafu na kitu cha kumshika adui ili huyo wa kwanza afanye kazi.

Cha kung'oa uchafu kwenye unga mwingi ni salfoniki iliyozimwa asidi yake, yaani imechanganywa na alkali, kinyume cha asidi, mpaka ukali ukaisha, na inatoka kwenye mafuta ya petroli. Kichwa chake hakigandi na kalsiamu kirahisi kama cha mche, ingawa nacho kikizidiwa kinachoka. Zamani, miaka ya 1950, walikuwa wanatumia aina yenye mkia wenye matawimatawi, bakteria wakashindwa kuula, mito ya Ulaya na Marekani ikawa inapanda povu, ikabidi wahamie kwenye mkia ulionyooka miaka ya 1960 na huo ndo tunaotumia sasa hivi.

Cha kushika kalsiamu ndo kinachotenganisha unga mzuri na unga wa kubahatisha. Kuna fosfeti, kuna zeolaiti ambayo ni kama madini yenye vijitundu, inavuta kalsiamu ndani inatoa sodiamu, na kuna soda eshi, ndugu wa magadi. Fosfeti ndo ina nguvu kuliko zote ila ikiingia mtoni au ziwani inalisha mwani, mwani ukifa unamaliza oksijeni, samaki wanakufa, na ndo maana Umoja wa Ulaya kuanzia 30 Juni 2013 hairuhusiwi kupita nusu gramu ya fosforasi kwa kila mzigo wa nguo za nyumbani. Soda eshi ni ya bei ya chini, inaigandisha kalsiamu inazama kama chokaa, inaongeza alkali inayosaidia kula mafuta, lakini ndo hiyohiyo inakausha mikono na inaacha unga mweupe kwenye nguo nyeusi usiposuuza mara mbili.

Afu kuna kitu kinaitwa sodiamu salfeti. Hiki hakifui chochote. Wanakiweka ili unga usigande na uwe rahisi kumwagika, sawa, na pia kinajaza pakiti. Kwahiyo ukiona pakiti kubwa kwa bei ya kutupa usishangilie kilo, angalia ndoo ngapi za nguo unafua mpaka iishe. Pakiti ndogo inayofua ndoo nyingi ni rahisi kuliko mfuko mkubwa unaoisha Jumamosi moja. Hiki ndo kipimo cha bei ninachokiamini, gharama ya ndoo.

CMC, aina ya gundi ya selulosi, ipo kwa kiasi kidogo na kazi yake haionekani, inazuia uchafu uliotoka usirudi kwenye nguo. Ving'arishi ndo vinawachanganya watu wengi. Hivi havitoi uchafu, vinakaa kwenye uzi, vinanyonya miale ya jua ambayo jicho haliioni vinairudisha kama mwanga wa bluu, basi kanzu inaonekana nyeupe kuliko nyeupe hasa ukisimama juani, na jua la Mtwara si unalijua. Ile bluu ya kufulia ya zamani inafika hukohuko kwa njia nyingine, inaweka rangi ya bluu kidogo kuficha unjano, ila inaifanya nguo iwe na kagiza kidogo. Kwa kanzu na sare nyeupe vyote viwili ruksa. Kwa kaki, krimu na kanga zenye rangi laini ving'arishi vinaharibu, rangi inapauka kiajabu na watu wanasema kanga siku hizi hazina ubora.

Halafu vimeng'enya, au enzaimu. Hivi ndo sababu pekee ya mimi kukubali kulipa zaidi kwenye unga. Kuna cha protini kinakula damu, maziwa, mayai na jasho, kuna cha wanga kinakula uji na ugali ulioganda, kuna cha mafuta. Vinataka muda na uvuguvugu. Maji ya moto sana yanaviua, na maji ya moto pia yanapika damu ikang'ang'ania kwenye nguo, kwahiyo damu ni maji baridi na kuloweka. Ukiloweka dakika tano ukaanza kusugua umelipia vimeng'enya bure. Na usiloweke hariri wala sufu humo, hizo nazo ni protini.

Povu nimeliacha makusudi. Povu ni hewa iliyofungwa na sabuni, haling'oi doa. Linakuambia kwamba sabuni ipo ya ziada, na kwenye mche hiyo ni taarifa ya maana kwa sababu povu likifa ujue kalsiamu au uchafu umeshinda. Kwenye unga halikuambii lolote, mtengenezaji anaweza kuliongeza au kulipunguza anavyotaka na nguo zikatoka vilevile.

Ya maji, hasa hii ya madumu

Sabuni ya maji inayopimwa kwenye madumu mtaani nyingi inatengenezwa kwa salfoniki, slesi (SLES, kemikali nyingine ya kung'oa uchafu), kostiki au soda eshi ya kuzima asidi, chumvi, rangi na pafyumu. Slesi ni kitu kizuri kwa pwani kwa sababu inavumilia maji magumu kuliko mche na kuliko salfoniki, na haina ukali kwenye ngozi. Kwa nguo za rangi, buibui, jezi za polista, nguo nyeusi ambazo unga unaziachia madoa meupe, hii ndo chaguo langu.

Tatizo lake ni kwamba huwezi kujua ndani kuna sabuni kiasi gani. Watu wanaangalia uzito, wakiona inavuta kama asali wanasema hii ndo yenyewe. Uzito unaletwa na chumvi! Slesi ukiitia chumvi inakuwa nzito, ukizidisha chumvi inarudi kuwa nyepesi, fundi anayejua kipimo anaweza kukuuzia maji mengi yaliyosimama vizuri. Jaribu hivi: chukua kijiko kimoja, tia kwenye maji ya kuosha sahani ya samaki wa kukaanga. Ikikata mafuta ipo, isipokata umenunua rangi na harufu.

La pili ni asidi. Salfoniki peke yake ni asidi kali, fundi asipoizima vizuri inabaki kali, akizidisha kostiki inakuwa kali upande wa pili. Karatasi ya litmasi, ile ya kupimia asidi na alkali, ni kitu kidogo sana, fundi akikwambia hana na hajui inatumika vipi, tafuta mwingine. Sabuni yake ikikuwasha vidoleni siku ya kwanza usijifariji kwamba ndo nguvu ya dawa.

Za kiwandani zenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, zina vipimo vinavyoeleweka, bei yake ndo hiyo.

Madoa ya huku kwetu yanaamua zaidi

Msimu wa korosho ukianza ndo utajua sabuni uliyonayo. Mabibo, lile tunda la mkorosho, yana tanini, kile kitu kinachokaza mdomo, na tanini ikipakwa mche moja kwa moja inaweza kukamata palepale ikawa doa la kudumu, alkali inaisukuma kuwa kahawia nzito. Kwahiyo maji ya bibo yakidondokea nguo, wahi na maji baridi, paka sabuni ya maji au unga uliokorogwa, kamua ndimu kama nguo ni nyeupe, suuza. Mche baadae kabisa. Mtu aliyezoea kukimbilia kipande cha mche kwa kila doa huyu ndo shati zake zote zina ramani za mabibo.

Mafuta ya ganda la korosho ni habari nyingine. Yale ni mafuta kweli, sehemu kubwa ni asidi ya anakadiki, yanaunguza ngozi na yakikauka yanakuwa meusi. Maji hayayafanyi kitu. Paka mafuta ya kupikia juu ya doa, acha yaingie, mafuta yanayeyusha mafuta, afu sabuni ya maji bila kuichanganya na maji juu yake kabla hujatia tone la maji, afu ndo unga. Vaa glovu. Likishakauka siku kadhaa sikudanganyi, nguo hiyo ni ya shamba.

Nguo za feri, yaani za soko la samaki, zina mambo mawili kwa pamoja, mafuta ya samaki na ile shombo. Mafuta yanataka unga wenye nguvu. Shombo inatoka kwenye kemikali zinazoitwa amini ambazo zenyewe ni za upande wa alkali, na sabuni nayo alkali, ndo maana unaweza kufua nguo ikatoka safi na bado inanuka. Suuza ya mwisho tia ndimu au siki kwenye ndoo, asidi inazifunga zile amini hazipai tena, harufu inakata. Hii mama zetu wanaifanya kwenye mikono baada ya kuparua samaki, kwenye nguo tunasahau.

Mchuzi na pilau lenye manjano, ukipaka sabuni doa linageuka jekundu na watu wanaogopa. Usiogope, ile rangi ya manjano inabadilika ikikutana na alkali, suuza itarudi njano, afu anika doa juani, jua linaivunja rangi ya manjano kuliko sabuni yoyote uliyonayo.

Udongo mwekundu wa Nachingwea na Masasi, ule ni chuma kilichoshika kutu. Kausha kwanza, piga piga uondoke mkavu, afu unga na kuloweka. Kinachobaki ndimu na chumvi juani, asidi ya ndimu inakishika chuma. Na hapo ndo tunakuja kwa jiki.

Jiki na ile nyeupe ya oksijeni

Jiki ni sodiamu hipokloraiti kwenye maji. Inaivunja rangi ya doa, haing'oi doa lenyewe, na inafanya kazi hata kwenye maji baridi, ndo maana tunaipenda. Ila kwenye udongo mwekundu haisaidii, rangi ya kutu haivunjwi na jiki, na kama kisima chako kina chuma jiki inakitoa majini inakipeleka kwenye nguo, shati linatoka la njano kuliko lilivyoingia. Watu wanaongeza jiki nyingine. Inazidi.

Sodiamu perkaboneti ni ya upande wa oksijeni, ikiyeyuka inatoa haidrojeni peroksaidi na soda. Ndo jamaa wa ile perborati ambayo kampuni ya Henkel waliiweka kwenye sabuni yao ya kufulia ya Persil mwaka 1907 Ujerumani. Haiharibu nguo za rangi kirahisi, hainuki, inafaa mabibo, chai na nepi. Shida yake inataka joto, nyuzi 40 kwenda juu, kwenye maji ya baridi inajivuta. Dumu jeusi la maji likikaa juani mchana wa huku linasaidia, ongeza birika moja la moto, loweka masaa kadhaa. Kwa mtu wa pwani mwenye nguo nyeupe za pamba na subira, hii naiweka juu ya jiki. Mwenye haraka atabaki na jiki, ila sio kwenye sufu, hariri, nailoni wala nguo zinazovutika.

Kitu kimoja hapa sikifanyii mzaha. Jiki na ndimu au siki kwenye beseni moja inatoa gesi ya klorini, gesi hiyohiyo iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Jiki na mkojo inatoa kloramini, nayo inaunguza mapafu. Kwahiyo nepi zisuuzwe kwanza kwa maji matupu, zifuliwe, na jiki kama lazima iwe kwenye maji mapya na mahali penye upepo. Na nguo ya feri uliyoisuuza ndimu isiguswe na jiki siku hiyo.

Mi ningenunua nini

Maji ya mvua au maji laini, nguo za kila siku: mche, na kipakiti kidogo cha unga wenye vimeng'enya kwa ajili ya damu, nguo za watoto wachanga na shuka.

Kisima cha pwani, maji magumu: unga kwa nyeupe na nguo za kazi, ya maji yenye slesi kwa rangi na nyeusi, mche uwe wa kola tu. Na kabla ya yote lainisha maji, soda eshi kijiko cha chai kimoja au viwili kwenye ndoo ya lita 20, koroga, acha usiku kucha chokaa izame, asubuhi chota ya juu. Kijiko hicho kinaokoa sabuni nyingi kuliko punguzo lolote la dukani. Kama una tenki dogo la mvua usilimalize kwa kufulia, tumia ya kisima kufua na ya mvua kusuuza mara ya mwisho, taulo zitakushangaza.

Maji ya bomba pima kwa ile chupa.

Anayefanya kazi na saruji akung'ute nguo nje kwanza, saruji imejaa kalsiamu, ukiiloweka na mche umejitengenezea utando mwenyewe.

Kanga mpya fua peke yake maji baridi na sabuni ya maji, anika kivulini. Kuloweka kwenye chumvi hakuifungi rangi, chumvi inasaidia kiwandani wakati rangi inaingia kwenye uzi, kanga ikishafika sokoni biashara hiyo imeisha, kinachotoka ni rangi ya ziada na acha itoke.

Wenye mashine, unga wa kufulia mikono usitie humo, povu litajaa mpaka mashine isimame katikati, tafuta ulioandikwa wa mashine hata kama unaonekana hautoi povu.